Miaka miwili ya kufundisha Kiswahili bila kuonana na wanafunzi: uzoefu wangu

Mchana nafundisha sekondari hapa Mwanza. Usiku, nikiwa nyumbani Nyegezi, nafundisha Kiswahili kwa wageni mtandaoni, na huu ni mwaka wa pili. Si darasa la mubashara. Narekodi somo na kulipandisha, mwanafunzi analisikiliza akipata nafasi, anafanya zoezi na kulituma, nami nasahihisha na kumjibu. Hatukutani hata siku moja. Walimu wenzangu wananiuliza kila mara kama hii kazi inalipa, na kama kweli ni kufundisha.

Kwanza saa. Mwanafunzi wangu wa Chicago hufungua daftari lake saa mbili usiku. Hapa kwetu inakuwa saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, kutegemea majira yao. Ingekuwa mubashara ningeshaiacha mwezi wa kwanza, maana asubuhi nina kipindi.

Kurekodi kuna adha zake. Nyumba yangu ni ya bati, kwa hiyo mvua ikinyesha sirekodi kitu. Nasubiri saa tano usiku bodaboda zipungue, nakaa sakafuni mbele ya kabati la nguo nililolifungua milango yote, na blanketi nimelitundika nyuma yangu ili sauti isirudi mwangwi. Maiki ni ile ndogo ya kubana kwenye kola. Mwanzoni nilirekodi video za ubora wa juu (1080p), na somo la dakika 10 lilizidi megabaiti 300. Bando likaisha katikati ya kupandisha, nikaanza upya. Siku hizi narekodi sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 10 haifiki megabaiti 5, naambatanisha picha chache, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika.

Picha nyingi nazipiga mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Somo langu la ngeli lote limetoka pale: gunia hili, magunia haya, mtumbwi huu, samaki huyu. Mwanafunzi mmoja akauliza, samaki akishakaangwa bado ni “huyu”? Nikamwambia ndiyo, hata akiwa sahanini pembeni ya ugali, ni sato huyu.

Lakini somo unarekodi mara moja tu. Kazi yenyewe iko kwenye kujibu, na hapo ndipo nilipobadilika kama mwalimu.

Nilikuwa na mwanafunzi Mjerumani aliyeshindwa kutamka “ng'ombe”. Alinitumia sauti mara saba, na mara zote ilikuja “n-gombe”, na ile g inasikika kabisa, kama ya “ngoma”. Darasani ningemwonyesha mdomo wangu. Huku simwoni, hanioni. Jioni ile sikumjibu. Nikakaa kusikiliza rekodi za Kijerumani mpaka nikakutana na neno lao “singen”, yaani kuimba. Ile sauti ya katikati ndiyo ng' yetu! Anayo mdomoni tangu utotoni, ila kwa lugha yake haianzi neno. Nikamtumia ujumbe wa sauti: sema “singen” polepole, ishikilie pale katikati, sasa anzia hapohapo useme “ombe”. Baada ya siku mbili ikaja rekodi fupi, treni inasikika nyuma yake: ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Nilishangilia peke yangu jikoni. Kwenye darasa la mubashara ningemwambia “utazoea” nikaendelea na somo. Muda wa kufikiri kabla ya kumjibu mtu mmoja, huo shuleni sijawahi kuupata, nikiwa na watoto zaidi ya 60 mbele yangu.

Sasa machungu. Kampuni niliyoanza nayo ililipa kwa kila zoezi lililojibiwa, sharti lijibiwe ndani ya saa 24. Ijumaa moja upepo uliangusha nguzo mtaani, umeme ukarudi Jumamosi usiku, na mazoezi 11 yakachelewa. Yote yalikatwa. Nikaeleza, nikajibiwa na ujumbe wa mashine. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipoondoka, masomo yangu 46 yalibaki kwao, na mpaka leo wanayatumia kwa sauti yangu. Mkataba uliruhusu, mimi ndiye sikuusoma mpaka mwisho. Kwa hiyo mwalimu, kabla hujauliza malipo, uliza rekodi ni mali ya nani ukiondoka. Ninakofanya sasa ni saa 72 kujibu, malipo ni kwa mwezi, na rekodi ni zangu. Nimenunua pia betri ya akiba. Fedha haitoshi kuacha ajira, ila inalipa ada ya mwanangu, na ningemshauri mwalimu mwenye subira aijaribu.

Jambo moja bado sijalizoea. Wapo wanaopotea kimya. Shuleni mtoto asipokuja unamuuliza wa dawati moja naye, unaambiwa anaumwa. Huku mazoezi yanakoma tu, na hujui kama ni ugonjwa, kazi, au amechoshwa na mimi. Huwa namtumia kila aliyepotea ujumbe mmoja wa sauti, wa kumsalimu tu, zoezi silitaji.

Wengi hawajibu. Ila mwezi uliopita mama mmoja wa Uingereza, mwenye miaka 68, alirudi baada ya miezi minne. Aliandika: “Shikamoo mwalimu, nilikuwa namuuguza mume wangu, sasa amepona.” Nikampa pole na hongera, nikamweleza kwamba kwa umri wake shikamoo inatoka kwangu kwenda kwake, na yeye aseme marahaba. Akanitumia marahaba yake kwa sauti, tukaendelea na somo la tisa.