Wiki nane za falaki kwa simu, nikiwa Tumbe

Nimemaliza kozi ya mwanzo ya falaki, wiki 8, yote kwa simu nikiwa nyumbani Tumbe, kaskazini mwa Pemba. Kabla ya kulipa nilitafuta maoni ya mtu wa visiwani, sikupata, ndiyo maana naandika.

Somo la bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, peke yake limenirudishia ada yangu. Mama analima mwani, na tangu udogo wangu kazi za nyumbani kwetu zinafuata mwezi: bamvua likifika kila mtu yuko pwani. Kozi ilinipa sababu. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani, jua liko mbali karibu mara 390 ya hapo. Ndiyo maana jua, pamoja na ukubwa wake wote, haliyavuti maji hata kwa nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiandama, na ukifika kumi na nne, jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja, mivuto inajumlishwa, maji yanajaa sana na kupwa sana.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kamba za mwani zi mapajani, kisha akauliza: "Mbona bamvua lenyewe hasa ni mwezi mbili, mwezi tatu?" Yaani siku ya pili na ya tatu tangu mwezi kuandama. Mchoro wa kozi haukuonyesha hilo. Nikampelekea mkufunzi swali. Jibu lilichukua siku nne, lakini lilikuja: mama kasema kweli, bahari huchelewa siku moja au mbili kuufuata mvuto.

Kilichoniudhi ni kwamba kozi imetungwa kwa watu wa Ulaya. Wiki ya pili tulitakiwa kupima kimo cha Nyota ya Kaskazini, na sisi tuko digrii 5 hivi kusini mwa ikweta. Nyota hiyo haituchomozei. Mwezi mchanga kwenye picha zao umesimama, unang'aa upande wa kulia. Wa kwetu huandama umelala kama dau. Nilifuta mchoro wangu mara tatu nikidhani nimekosea, kumbe karibu na ikweta jua na mwezi hushuka karibu wima, kwa hiyo sehemu inayong'aa huwa chini. Jambo kubwa kama hili walipaswa kulisema.

Usiku niliotazama Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, sitausahau. Nyota zile ziko umbali wa miaka ya nuru kama 440: nuru niliyoiona ilianza safari Wareno wakiwa bado kwenye mwambao wetu. Nilimwamsha mdogo wangu aje aone.

Ukijiandikisha kozi ya aina hii, ramani zao za nyota ziache. Chukua Stellarium, programu ya kuonyesha nyota, ni ya bure, jaza mahali ulipo, na anga utakayoiona kwenye simu ndiyo iliyo juu ya paa lako. Video zinakula bando vibaya. Mimi nilisoma maandishi kwanza, nikapakua zile nilizoshindwa kuzielewa bila picha tu.