Vespa PX 150 ya zamani: shika flaiwili kabla hujasifu rangi

Assalamu alaykum watizamaji. Leo mbele yetu ni Vespa PX 150. Rangi mpya, siti mpya, kioo kinang'aa. Haituhusu. Twende kwenye mashine.

Iwashe, iache ipate moto dakika 5 hivi. Pistoni iliyolegea hugonga mashine ikiwa baridi, ikipata moto hunyamaza. Beringi iliyokwisha ndiyo kwanza inazidi. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kesi ya mashine, mpini sikioni. Ukisikia mngurumo mzito unaopanda kila ukivuta mafuta, na nyayo zikiusikia pia, hizo ni beringi za krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Ukisikia ngo-ngo-ngo umepakia mtu na unavuta mafuta, hiyo ni beringi ya chini ya konrodi, mkono unaounga pistoni na krenki.

Zima. Fungua kava la feni, shika flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa krenki, kwa mikono miwili, ipandishe na uishushe. Isicheze hata chembe. Hii yetu, sogeza kamera hapa, inacheza. Kidogo tu, kama unene wa karatasi, lakini mkono unapata. Na tizama koili humu ndani: ile mistari inayong'aa ni sumaku za flaiwili zinakwaruza.

Kuna watakaosema karatasi tu, si kitu. Basi sikiliza. Kwenye vespa hii krenki yenyewe ndiyo vali. Ubavu wake unapita juu ya uso wa alumini ndani ya kesi, unafunga na kufungua njia ya petroli, na nafasi baina yao ni kiasi cha milimita 0.05. Beringi ikicheza, krenki inaula uso ule. Ukishalika, mashine inakuwa ngumu kuwaka, inatema petroli kwenye kabureta, na beringi mpya hazikufai kitu.

Kupima ni rahisi. Toa kabureta, zungusha flaiwili mpaka krenki iizibe njia, mimina kijiko cha oili humo. Ikituama, uso mzima. Ikizama papo hapo, hiyo vespa muachie mwenyewe.

Moshi mwingi usiokwisha, na oili ya gia (inaingia mililita 250) inapungua bila kuvuja nje? Sili (mpira unaozuia oili) ya upande wa klachi imekufa, mashine inainywa.

Beringi zinaliwa na oili ndogo kwenye petroli. Weka mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Na vespa iliyolala masika nzima karibu na bahari, kutu inaingia ndani bila hata kutembea.

Hii yetu oili imetuama. Kwa hiyo inanunulika, ila bei ishuke: beringi zote mbili na sili zote mbili kwa pamoja, maana spea si ghali, kazi ni kuipasua mashine. Kesi ipashwe moto hadi kama nyuzi 100, beringi itumbukie yenyewe. Ukimuona fundi anaipigilia kwa nyundo, chukua vespa yako.