Programu ipi uchukue kwa kuchota namba nasibu kwenye mgawanyo uliokatwa

Tuseme unaigiza alama 10,000 za mtihani: wastani 62, mchepuko wa kawaida (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani) 20. Mgawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele) ukiuacha huru, karibu alama 3 katika kila 100 zitavuka 100. Kuzirudisha zote kwenye 100 si kukata, ni kuzirundika ukingoni. Unatakiwa kuchota ndani ya mipaka tu, hapa 0 hadi 100, na hapo ndipo programu zinapotofautiana.

1. R (bure). Weka kifurushi cha truncnorm, kisha andika `rtruncnorm(10000, 0, 100, 62, 20)`. Basi. Mipaka unaitaja kwa alama zenyewe. Wastani utakaoupata ni kama 60.7, wala programu haijakosea: mkia wa kulia, yaani alama za juu kabisa, ndio uliopunguzwa zaidi. Ubora wake hasa uko mbali mkiani. Ukitaka thamani zilizo zaidi ya michepuko 4 juu ya wastani, mtindo wa kuchota na kutupa utakula takriban namba 31,600 ili ubaki na moja; kifurushi hiki hakikwami hapo. Kwangu hakina mpinzani.

2. Python na SciPy (bure). Ichukue kama kazi zako nyingine ziko huko tayari. Ila truncnorm yake inataka mipaka kwa michepuko kutoka kwenye wastani, yaani -3.1 na 1.9. Ukiandika 0 na 100, hakuna atakayepata chini ya 62, na karibu 6 katika 100 watavuka 100. Programu haitalalamika hata kidogo.

3. LibreOffice Calc (bure) au Excel (leseni). Weka NORM.DIST (ile ya jumla, inayotoa sehemu ya mgawanyo iliyo chini ya thamani fulani) ya mpaka wa chini kwenye A1, ya mpaka wa juu kwenye A2, halafu:

`=NORM.INV($A$1+RAND()*($A$2-$A$1),62,20)`

Kila ukibadilisha seli, namba zote zinageuka, kwa hiyo nakili na ubandike thamani tupu. Mbali kabisa kwenye mkia wa kulia NORM.DIST inakuwa 1, na fomula inatoa kosa.

4. MATLAB (ya kulipia). Amri yake ya `truncate` ni safi, lakini imo kwenye Statistics and Machine Learning Toolbox, inayouzwa kando. Chuo chako kikiwa na leseni, itumie. Kwa pesa ya mfukoni, kwa kazi hii peke yake, usinunue.