Mwongozo wa sushi wa Seafood Watch: umeninyima unagi, na bado naupenda

Kwa miaka mingi, kwenye mkahawa wa sushi (wali wa Kijapani na samaki), agizo langu la kwanza lilikuwa unagi, yule mkunga wa kuchomwa anayeng'aa kwa mchuzi mtamu. Nilipoufungua mwongozo huu, unaoonyesha kwa rangi samaki wa kula na wa kuepuka, nilimtafuta yeye kabla ya wengine wote, nikamkuta kwenye nyekundu: epuka.

Nilibisha. Si anafugwa? Anafugwa, ila mabwawa yale hayamzalishi. Watoto wa mikunga huvuliwa baharini wakiwa bado vijiuzi vyeupe, wangavu kama kioo, kisha hunenepeshwa bwawani mpaka wafae kuliwa. Hawapati nafasi ya kuzaa hata mara moja. Kwa hiyo kila unagi niliyekula alikuwa ametolewa baharini, jina la ufugaji lilinipumbaza tu. Mkunga wa Japani yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu 2014, na yule wa Ulaya hali yake ni mbaya zaidi. Niliacha siku hiyohiyo, na kusema kweli iliniuma.

Mwongozo unatolewa na Monterey Bay Aquarium, nyumba ya maonyesho ya viumbe wa baharini huko California, ambayo mpango wake wa Seafood Watch ulianza 1999. Toleo la sushi lilitoka 2008, na uzuri wake ni kwamba samaki wametajwa kwa majina ya Kijapani yanayoonekana kwenye menyu: hotate (kombe wa baharini, yaani skalopu), ikura (mayai ya samoni), toro (nyama ya mafuta ya tumbo la jodari). Kijani ni chaguo bora, njano si mbaya, nyekundu mwache.

Pagumu ni kwa jodari. Menyu huandika "maguro" ikaishia hapo, na neno hilo hubeba samaki wa aina kadhaa. Hata aina moja hubadilika rangi kwenye mwongozo kulingana na bahari alikotoka na zana iliyomvua. Mshipi mrefu wenye maelfu ya ndoano hunasa pia kasa na papa. Fimbo na ndoano moja humtoa jodari mmoja mmoja. Ndiyo maana siku hizi nauliza mawili: katoka wapi, kavuliwa vipi? Kuna mhudumu aliyeingia jikoni akarudi na jibu kamili, albakoo, aina ya jodari, aliyevuliwa kwa fimbo, nami nikaagiza mara mbili. Pasipo jibu nahamia hotate.

Hotate wa kufugwa ndiye aliyenifuta machozi ya unagi. Halishwi samaki wengine, hujichujia chakula chake majini, na hakuna chuma kinachoburutwa kukwangua sakafu ya bahari ili apatikane. Nyama yake ni laini, ina utamu wa mbali. Naomba asipakwe mchuzi mwingi.

Nyota tano kwangu. Angalia toleo jipya kila mara, maana rangi hubadilika: jodari mkubwa wa Atlantiki, aliyekuwa hatarini, IUCN ilimtoa kwenye kundi hilo 2021 baada ya uvuvi wake kudhibitiwa. Namsubiri mkunga naye.