Hilux 3L yangu, tela la mashine ya alizeti, na gereji ya pampu iliyoniachia moshi Kitonga

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia wakuu. Kuna gereji moja ya pampu na nozeli (vile vifaa vinavyosukuma na kupuliza dizeli ndani ya injini) pale Dar, jina silitaji, ila ni ya aina ile ambayo kila mwenye dizeli ya zamani lazima kuna mtu atamwambia "nenda kwa wale, wana mashine". Na kweli mashine wanayo. Vijana wana ovaroli safi, risiti wanatoa, bei zao siyo za fundi wa chini ya mwembe. Mi nilipeleka Hilux yangu LN106, pikapu ya Toyota yenye injini ya dizeli inayoitwa 3L, gari ambayo wenzangu wamenishauri niiuze tangu enzi na sijaiuza kwa sababu kwa kazi ninayofanya huku Iringa sijaona mbadala wake, springi mbele springi nyuma, haina kompyuta ya kuniambia sijui sensa gani imekufa, ukiwa na spana na akili inatembea.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi inawaka kwa taabu, unapiga stata mpaka betri inaanza kulegea, ikishika inatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa muda alafu inatulia. Ukiipa mzigo mlimani inakosa pumzi, unakanyaga mafuta unaona kabisa kuna kitu kinaibana. Sasa anayezijua hizi injini ataanzia kwenye hewa. Pampu ya 3L inavuta mafuta yenyewe kutoka tenki, huko nyuma hakuna pampu ya umeme inayosukuma, kwaiyo mpira ukipata ufa mdogo hauvujishi mafuta nje, unavuta hewa ndani, na usiku kucha mafuta yanarudi tenki taratibu, asubuhi pampu inakuta njia tupu. Kuna namna ya kujua bila hata kufungua nati moja, kabla ya kupiga stata bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, gari ikiwaka vizuri ujue tatizo lako ni hewa. Nilikuwa nafanya hivyo kila asubuhi na ilikuwa inawaka. Nikamweleza fundi mkuu wao hivyo hivyo kama nilivyoandika hapa. Nikamwambia pia kwamba naishi Iringa, na kwamba safari hii narudi na tela, nimebeba mashine ya kukamua alizeti ya mteja wangu, chuma kitupu.

Hakuuliza swali hata moja. Alinisikiliza akiwa anaangalia simu, alafu akasema "mzee pampu imechoka, tuishushe". Basi.

Kwenye nozeli sitawasingizia. Walizipima mbele yangu, mbili zilikuwa zinakojoa badala ya kupuliza, nikaona kwa macho yangu, wakaweka mpya, na mlio wa injini ukabadilika kabisa. Kazi hiyo safi, na nikiishia hapo ningewapa sifa zote. Lakini pampu. Pampu ya 3L inazungushwa na mkanda wa taiming (ule unaofanya vavu na pampu zifanye kazi kwa wakati wake), kwaiyo ukiishusha umegusa mkanda, na mkanda wenyewe niliwaambia wabadilishe kwa kuwa taa ya T-BELT kwenye dashibodi ilishawaka, na kila mwenye gari hizi anajua mkanda ukikatika ukiwa barabarani vavu zinakutana na pistoni na hapo hadithi imeisha. Wakaurudisha ule ule wa zamani. "Bado una afya mzee." Na kuiweka pampu kwenye taiming hawakutumia saa ya kupimia, ile inayofungwa nyuma ya pampu kusoma pistoni yake imesogea kiasi gani, walilinganisha alama kwa jicho wakakaza. Watu wenye mashine ya kupimia pampu ya mamilioni, jamani, wanakosa saa ndogo kama ile?

Alafu ndiyo kikaja kile kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya mafuta ya fulu mzigo, inayopanga dizeli iingie kiasi gani ukikanyaga mwisho, ile ambayo kiwandani wanaifunga lakiri ili watu wasiichezee. Fundi mkuu akaikata lakiri, akaizungusha, akaniwashia gari, akakanyaga mpaka mwisho na moshi mweusi ukajaa uwani mpaka mama aliyekuwa anauza chai pale jirani akafunika vikombe vyake. Nikamwambia fundi huo moshi mbona mzito hivyo. Akanijibu mbele ya vijana wake wote, "Mzee, dizeli bila moshi siyo dizeli, ulitaka nguvu, nguvu hiyo hapo." Vijana wakacheka.

Hebu tuliangalie hilo suala la nguvu, maana watu wengi wanadanganywa hapa. 3L haina tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa ya ziada. Hewa inayoingia ni ile tu pistoni inayoivuta, huwezi kuiongeza kwa skrubu. Ukiongeza dizeli kidogo kama ilikuwa imepungua, sawa, utapata nguvu kweli. Ukipitisha hapo mafuta yanakosa hewa ya kuungua nayo, yanatoka silensa yakiwa masizi, na yale yanayoungua yanachelewa na kuacha joto kali kwenye pistoni na kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Na hiyo ni Dar, usawa wa bahari. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu, hewa huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwaiyo pampu inayofuka Dar ikija huku ndiyo itakuwa tanuri la mkaa. Hili siyo jambo la siri, fundi yeyote wa pampu anatakiwa kulijua kuliko mimi, na nilishamwambia naenda wapi na nabeba nini! Nilimwambia! Jibu lake lilikuwa kwamba njia ni lami mwanzo mwisho.

Safari ya Morogoro ilienda vizuri, siwezi kusema uongo, gari ilikuwa inavuta mpaka nikaanza kumsifia yule fundi kwa kijana niliyekuwa naye. Tela lilitulia pia. Tulikuwa tumepanga mzigo kama inavyotakiwa, mashine juu ya eksili ila imesogea mbele kidogo, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito ikae kwenye ndoano ya gari inayovuta tela. Ukirudisha uzito nyuma ya eksili tela linaanza kucheza mkia ukifika mwendo fulani na likishaanza kucheza gari ndogo kama Hilux haina ubavu wa kulizuia, nimeona wenzangu wakilala mtaroni kwa sababu hiyo. Mikumi tukapita taratibu, pale mwendo una kikomo na lazima ukiheshimu. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Mpaka hapo roho kwatu.

Kitonga ndiyo ikasema ukweli. Kwa ambao hamjapita, ni kile kipande cha barabara ya TANZAM (ya Tanzania na Zambia) kinachopanda ukuta wa milima kabla ya Ilula, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na malori ya Tunduma yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Niliingia na gia namba mbili, injini inazunguka vizuri ili feni na pampu ya maji zifanye kazi, siyo kuibana kwenye gia kubwa. Nikiangalia kwenye kioo sioni tela. Naona weusi tu. Dereva wa basi nyuma yangu anapiga honi, anawasha taa, na ana haki, maana haoni barabara. Geji ya joto ikaanza kupanda, nikafungua hita ya ndani mpaka mwisho ili itoe joto, vioo chini, jasho linatutoka, ikashuka kidogo, kona inayofuata ikapanda tena na safari hii haikurudi. Nikasogea pembeni palipokuwa na upenyo. Imechemsha. Maji yanatoka kwenye chupa ya akiba kama birika, na gari imeelekea juu na tela la chuma linaivuta kurudi chini.

Pale ndipo utawajua watu wa barabara. Utingo wa lori lililokuwa nyuma aliruka chini kabla sijafungua mlango, akaweka mawe nyuma ya matairi ya tela na ya gari, mwenzake akakata matawi akayatandaza barabarani kule chini kutahadharisha wanaokuja. Hawakuniomba hata soda. Wakaniambia tu mzee usifungue rejeta sasa hivi, subiri.

Nikiwa nimekaa kwenye jiwe nikampigia yule fundi mkuu. Nikamsalimia vizuri. Nikamweleza niko wapi, moshi ukoje, geji imefanya nini. Akanijibu, na nanukuu kwa sababu kijana wangu alisikia, nilikuwa nimeweka spika: "Mzee mi nilikupa nguvu, kuendesha siyo kazi yangu." Akakata. Nikapiga tena, haipokelewi. Nikapiga tena, namba haipatikani. Mtu mzima, nimemlipa laki tano na ushee taslimu, ananikatia simu nikiwa mlimani na mzigo wa mtu. Hilo ndilo limenifanya niandike. Gari kuchemsha naweza kusamehe, chuma ni chuma. Kukatiwa simu hapana.

Tulifika Ilula jioni, tunaenda tunapumzika, tunaenda tunapumzika. Kesho yake nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa hapa Iringa, mtu wa makamo ya baba yangu, hana mashine wala ovaroli. Nikamwamkia, akaitika, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniuliza. Inawakaje asubuhi? Ukibonyeza pampu ya mkono inakuwaje? Moshi wa rangi gani, na unatoka lini, ukiwasha au ukipanda? Mweupe asubuhi ni mafuta yasiyoungua, mweusi mlimani ni mafuta kuzidi hewa, wa bluu ungekuwa oili, na injini moja inaweza kuwa na mawili kwa sababu mbili tofauti kabisa. Akakata kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, akakiunga kati ya filta na pampu, akawasha. Mapovu yakaanza kupita pale, yanaonekana wazi kabisa. Akafuata mpira nyuma kidogo kidogo mpaka akaukuta ufa karibu na klipu, chini ya chasisi, mahali penye tope. Mpira wa shilingi elfu chache! Ule ambao nilimtajia fundi wa Dar kabla hajagusa kitu!

Akagundua na jingine, na hapa nilitaka kulia. Themostati, ile vavu inayoongoza maji ya kupoza injini, hakuna. Walipofungua sehemu ya mbele wameitoa na hawakusema, maana kuna imani hii ya mafundi wetu kwamba bila themostati gari inapoa zaidi. Kwenye Toyota nyingi themostati ikifunguka ndiyo inaziba ile njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, kwaiyo barabara tambarare injini inakuwa baridi mno na inakula mafuta, mlimani na mzigo inachemka. Yaani walinifungulia jiko kwa skrubu alafu wakaniondolea na kinga.

Mzee akaweka themostati mpya, mkanda mpya, taiming akaipima kwa saa aliyoazima kwa mwenzake, na skrubu akaanza kuirudisha kidogo kidogo, kila akigusa tunatoka kujaribu mlima na tela nyuma, tunaangalia kioo, mpaka ikabaki kivuli tu cha moshi ukikanyaga mwisho. Na gari inavuta. Siyo kama ile ya kutoka Dar, pale chini ilikuwa na nguvu zaidi kidogo, nakubali, ila hii inapanda na mzigo na geji imekaa katikati.

Nilianza nikitaka kusema gereji ile kwa nozeli nendeni, kwa pampu msiende. Nikifikiria zaidi naona hata nozeli msiende, kwa sababu mtu asiyeuliza mzigo wako ni nini hata akikufanyia kitu kizuri amebahatisha. Kama huna budi, simama hapo hapo, kataa lakiri ya skrubu isikatwe bila wewe kukubali, na dai themostati yako mkononi.

Mashine ya alizeti ilifika nzima na mteja analipa vizuri. Kinachonisumbua ni hedi. Hedi za familia hii ya injini zikichemka sana zinapata nyufa, na tangu wiki iliyopita naona maji kwenye rejeta yanapungua kidogo bila kuvuja popote. Mzee amesema tuangalie mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inawaka kabla ya kufungua chochote. Ikiwa ni hedi, nabeba risiti zao na hedi iliyopasuka naibeba kwenye bodi ya pikapu mpaka uwani kwao, na safari hii simpigii simu.