Nyongeza za yadi ya magari Nairobi: ipi ulipie, ipi uikatae

Karatasi ilikuwa moja tu. Mwuzaji aliigeuza taratibu juu ya meza, akaisukuma upande wa mdogo wangu. Dakika kumi kabla ya hapo tulikuwa tumekubaliana shilingi 1,150,000 kwa Mazda Demio, tukapeana mikono, soda zikaletwa. Sasa chini ya bei ile palikuwa na mistari saba ya kalamu ya kijani: traka 25,000, alamu 18,000, kuhamisha umiliki 15,000, ada ya faili 20,000, polishi 12,000, kupaka dawa chini ya gari 22,000, tinti 15,000. Jumla mpya, 1,277,000. Mdogo wangu ni mwalimu na pesa zile alizijenga kwenye sacco miaka sita. Alinitazama mara moja tu, na kalamu tayari ilikuwa mkononi.

Hizo 127,000 ndizo zilizonifanya niandike mwongozo huu. Watu wengi wanaokuja kununua gari Ngong Road au Kiambu Road hujiandaa vizuri kwa bei ya gari lenyewe. Wanajua Demio la mwaka fulani linauzwa ngapi, wamelinganisha yadi nne, wana hoja. Mkono ukishapeanwa, wanalegea. Umeshapiga simu nyumbani kusema gari limepatikana, umechoka kwa jua, na hutaki kuonekana mtu wa kuvunja maneno. Saa hiyo ndipo nyongeza zinapoletwa, na zinaletwa kana kwamba ni sehemu ya gari.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kupatana, uliza swali moja: "Bei ya kutoka getini ni ngapi, kila kitu ndani?" Iandikwe kwenye karatasi yenye jina la kampuni, kila mstari peke yake. Akisema hayo mtazungumza baadaye, mwambie na bei pia mtazungumza baadaye. Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa anayolipia. Kuuliza hivyo si ukorofi.

Sasa nizipange nyongeza zenyewe, nikianza na ile ambayo pesa yako inafanya kazi.

Ya kwanza yadi haitakuuzia, na ndiyo bora kuliko zote: fundi wako mwenyewe, au ukaguzi wa AA, chama cha wenye magari. Mlipe kabla hujatoa hata shilingi ya dipoziti. Utaambiwa "sisi tuna fundi wetu hapa hapa, madam, usijali." Fundi wao analipwa na wao. Wako aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, afunue zulia la buti atafute kutu na alama za kuchomelea, aangalie vichwa vya bolti za boneti kama vimeguswa na spana, aliwashe gari likiwa baridi. Ukifika ukakuta injini tayari ni ya moto, subiri ipoe au rudi kesho asubuhi.

Kwa gari lililotoka Japani, omba karatasi mbili: cheti cha kulitoa gari nchini humo, ambacho huwa na rekodi ya kilomita, na karatasi ya mnada kama lilipita mnadani. Kwenye karatasi ya mnada, daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R au RA ina maana kwamba liliwahi kugongwa likatengenezwa, na hilo si kosa lenyewe, ila ni lazima lionekane kwenye bei. Linganisha kilomita za cheti na zile za dashibodi. Za dashibodi zikiwa chini ya za cheti, ondoka tu, usipoteze muda kubishana. Kama gari limeshatumika hapa nchini, fanya utafutaji wa rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uangalie pia sajili ya dhamana ya mali zinazohamishika, iliyoletwa na sheria ya 2017. Magari mengi ya yadi si mali ya yadi. Yamewekwa pale na wenyewe wauziwe, na mengine bado yana deni la benki. Yadi ikikataza fundi wako asiguse gari, hapo hakuna la kupatana tena.

Ya pili ni bima kubwa, yaani comprehensive, lakini si ya dawati la yadi. Ajenti anayeketi pale hupata kamisheni, na mara nyingi anakupa kampuni moja tu. Piga simu kwa maajenti watatu walioidhinishwa na mamlaka ya bima, IRA, ukiwa na thamani ya gari mkononi, uone tofauti. Ndani ya bima hiyo kuna nyongeza mbili ambazo mimi huzilipia bila kusita. Moja ni kinga ya vurugu za kisiasa na ugaidi. Bima kubwa ya kawaida haigusi hasara hizo, na aliyekuwa mjini siku ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2024, au siku kama hiyo mwaka uliofuata, hahitaji kuelezwa kwa nini ninaitaja. Ya pili ni kinga ya eksesi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo ungejilipia mwenyewe. Kila moja mara nyingi huhesabiwa robo ya asilimia moja ya thamani. Kwa Demio la 1,150,000 hiyo ni shilingi 2,875, ila kampuni nyingi zina kiwango cha chini, kwa hiyo uliza. Tozo za kisheria ni ndogo: asilimia 0.45 ya malipo ya bima, na stempu ya shilingi 40. Ukikuta mstari mwingine wa "ada ya ofisi" humo ndani, ujue mtu ameutia.

Ya tatu, traka. Hapa sisemi ikatae. Gari likiibwa bila kifaa cha kulifuatilia, kampuni nyingi za bima hukukata sehemu kubwa zaidi ya fidia, na benki ikikukopesha huenda ikaidai. Nashauri uinunue wewe, kwa kampuni uliyoichagua, na nenosiri la programu liwe lako. Kuna yadi zinazouza kwa malipo ya kidogo kidogo ambazo hufunga traka mbili, zote kwa pesa yako, na nenosiri linabaki kwao. Uliza mambo matatu: ada ya kila mwaka ni ngapi, nani anaona gari liko wapi, na deni likiisha nani analipia kuzitoa. La mwisho hilo watu hulisahau kabisa, kisha miaka miwili baada ya kumaliza deni bado kuna mtu ofisini anajua gari lao lililala wapi.

Ya nne ni ndogo, na naipenda kwa sababu inafaa mji huu: kuchorwa namba ya gari kwenye vioo vyote, pamoja na vile vya kando, na kuvifungia vilinzi. Anayesimama kwenye foleni ya jioni akiwa dirisha wazi anajua vioo vya kando vinavyong'olewa. Fanya kazi hiyo Ngara au Kirinyaga Road, usimame pale pale ukiangalia. Bei ya yadi kwa kazi hiyo hiyo niliyoisikia ilikuwa karibu mara tatu.

Tairi ya spea, jeki, spana ya magurudumu na pembetatu za onyo siziweki kwenye orodha ya kununua. Ni vya gari. Vidai bure, na fungua buti uvione kwa macho. Tulipofungua la Demio tulikuta jeki ipo na spana haipo.

Alamu iko katikati. Demio lile lilikuja na funguo zenye kizuia-injini cha kiwandani, na alamu ya 18,000 isingeongeza kitu ila kuwaamsha majirani. Zaidi ya hayo, kuifunga ni kukata nyaya, na nyaya zilizokatwa ovyo huzaa matatizo ya umeme ambayo fundi atayatafuta wiki nzima. Tinti, zulia, vifuniko vya viti: ukivitaka, vinunue mjini kwa nafasi yako.

Sasa nifike kwenye kupaka dawa chini ya gari, kwa sababu hapa pana hatari kuliko hasara. Utaambiwa inazuia kutu. Kutu ya chini ya magari ya Japani hutoka kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, hasa kaskazini kama Hokkaido. Nairobi hatuna theluji wala chumvi ya bahari. Gari likiwa safi chini, hapa mjini litakaa safi muda mrefu bila dawa yoyote. Likiwa na kutu tayari, kulipaka ile dawa nyeusi juu yake ni kuifunika tu, na kutu inaendelea kula chuma kwa ndani bila wewe kuiona. Kwa hiyo ukikuta gari yadini limeshapakwa jipya chini, linanukia dawa, mwambie fundi akwangue sehemu mbili tatu. Fundi wangu hutumia bisibisi, anagonga kwenye kona za chasisi na kusikiliza. Mlio mkavu ni chuma, mlio wa kufa ni kutu. Polishi nayo isikupoteze muda, gari la kuuzwa husafishwa na anayeliuza.

Waranti ya yadi? Isome. Ile niliyoonyeshwa ilikuwa ya injini na giaboksi kwa siku 90, na iliondoa kila kitu kinachoharibika kwa kweli. Afadhali pesa hiyo ibaki M-Pesa ikisubiri sevisi ya kwanza: oili, mafuta ya giaboksi, filta, plagi.

Zilizobaki ni mbili na zote nazikataa. Ada ya kuhamisha umiliki ipo, lakini ni ya NTSA, hupangwa kwa ukubwa wa injini, na unaiona mwenyewe kwenye eCitizen: mwuzaji anaanzisha, wewe unakubali, na ada inalipwa humo humo. Hakuna kazi ya 15,000 hapo. Na kama gari limetoka bandarini na bado halijasajiliwa, lisajiliwe moja kwa moja kwa jina lako, usilipie kuhamishwa kutoka kwa yadi kuja kwako. Ada ya faili ndiyo ya mwisho kabisa. Tulipouliza inalipia nini, mwuzaji alisema "ni utaratibu wa ofisi." Nikamwomba aondoke nayo kwa meneja. Alirudi nusu saa baadaye mstari umekatwa.

Utasikia na maneno yao. "Kuna mteja anakuja saa tisa na pesa taslimu." Mwache aje, magari ya aina hiyo yamejaa barabara nzima. "Bei hii ni ya leo, dola inapanda." Gari lililo yadini lilishalipiwa ushuru zamani. Wakala anayekupokea getini na kutembea nawe kama ndugu anaweza kuwa anadai kamisheni juu ya bei yako, kwa hiyo ingia ofisini uulize moja kwa moja. Na neno baya kuliko yote: "Hii ni elfu chache tu kwa mwezi." Usikubali kuongea kwa mwezi. Tuseme yadi inakukopesha kwa asilimia 2 kwa mwezi, ikihesabiwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, miaka mitatu. Traka ya 25,000 ikiingizwa kwenye mkopo inakuwa 43,000. Ile mistari saba ya kijani, 127,000, inakuwa 218,440. Kama ni lazima ukope, kopa bei ya gari tu. Jaribu sacco au benki kwanza, yadi iwe ya mwisho. Na mkataba ukiwa chini ya sheria ya kununua kwa malipo ya kidogo kidogo, Hire Purchase Act, Sura ya 507, jua kwamba ukishalipa theluthi mbili ya bei hawawezi kulinyakua gari bila kwenda mahakamani. Wengi wamenyang'anywa magari asubuhi geti la kazini bila kujua hilo, na roho huniuma kila ninaposikia.

Mdogo wangu hakusaini siku ile. Alisema "naomba nikalale nayo," tukatoka, na soda yake ikabaki mezani haijaguswa. Keshoye walimpigia wao. Gari alilichukua kwa 1,150,000, na fundi wetu alishalikagua, na spana ikapatikana. Traka alifunga wiki iliyofuata kwa kampuni aliyoichagua. Malipo aliyatuma kwa akaunti ya benki yenye jina la kampuni, hakutuma hata sehemu kwa simu ya mwuzaji ingawa aliombwa mara mbili, na salio la mwisho alilishika hadi ombi la kuhamisha lilipoonekana kwenye eCitizen yake. Tulipotoka getini taa ya mafuta ilikuwa inawaka, kama kawaida ya magari ya yadi, kwa hiyo beba na pesa za petroli.