eBPF: data ya kila prosesi, uiweke kwenye hashi au kwenye taski yenyewe?

Ukiandika programu ya eBPF kwenye Linux (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo), mfano unataka kujua prosesi imesubiri diski muda gani, lazima uhifadhi muda wa kuanza mahali fulani ili mwishoni utoe tofauti. Wengi tumezoea mepu ya hashi (jedwali la ufunguo na data yake), ufunguo ni PID, yani namba ya prosesi, mbele yake data yako, na inafanya kazi hata kwenye kerneli za zamani, hilo silipingi.

Shida inaanza prosesi ikifa. Ile rekodi inabaki palepale mpaka uifute mwenyewe, kwahiyo inabidi uongeze programu nyingine kwenye sched_process_exit (tukio la prosesi kufa), ukisahau mepu inajaa maana ina max_entries, yani kikomo cha rekodi, na ikishajaa rekodi mpya zinakataliwa. Mbaya zaidi kerneli inarudia namba za PID, yani prosesi mpya inaweza kupewa 4127 iliyokuwa ya nyingine ikarithi data isiyo yake, vipimo vinakudanganya na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona!

Task storage, aina nyingine ya mepu iliyoingia Linux 5.11 mwaka 2021, inaifunga data kwenye task_struct yenyewe, yani rekodi ambayo kerneli inaitunza kwa kila taski (prosesi au uzi wake). Unaita bpf_task_storage_get na flagi ya BPF_LOCAL_STORAGE_GET_F_CREATE (inayoiunda nafasi kama haipo), basi, taski ikiondoka data inaondoka nayo, PID ikirudiwa haikuhusu. Kusoma kutoka nje ya kerneli unatumia pidfd (kishikio kinachoelekeza kwenye prosesi yenyewe) badala ya namba.

Mimi data inayoishi na prosesi siipeleki tena kwenye hashi, labda seva iwe na kerneli ya 5.4, hapo huna ujanja.